JE, NYUKI ASIYETENGENEZA ASALI NI NYUKI?

Bismillahir Rahmanir Rahim

Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao. Ama baada ya hayo:

Wanafunzi wetu wapenzi, mada yetu ya mwaka huu imetokana na swali la mmoja wenu. Mnakumbuka kwamba boriti za baraza letu ziliingiwa na wadudu wakubwa weusi, wenye ukanda wa njano mgongoni, wanaovuma kwa sauti nzito. Walitoboa matundu ya mviringo yenye upana wa kidole, na kila tulipokaa kusoma tulikuta vumbi la mbao limemwagika juu ya mikeka. Fundi alitushauri tumimine mafuta ya taa katika kila tundu, kisha tuyazibe kwa saruji. Tulimimina katika matundu mawili. Kabla hatujafika la tatu, kijana mmoja wa darasa la hadithi akauliza: "Ustadhi, si tulisoma kwamba Mtume (s.a.w.) amekataza kuua nyuki? Huyu naye si nyuki?" Mwenzake akamjibu papo hapo: "Huyo si nyuki, hana asali."

Sisi walimu tulitazamana. Hadithi tulikuwa tunaijua. Imepokewa na Ibn Abbas (r.a.) na imo katika mkusanyo wa Abu Daud, kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuuawa viumbe wanne: chungu (sisimizi), nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad. Tusichokijua ni kama mdudu yule anaingia katika jina hilo. Tukasimamisha kazi, tukamwambia fundi asubiri, tukaenda kutafuta. Makala hii ni matunda ya kutafuta huko.

NYUKI NI NANI?

Wengi wetu tukisikia neno nyuki tunafikiria mzinga, malkia, kundi kubwa na asali. Huyo ni nyuki mmoja tu kati ya wengi. Wataalamu wa elimu ya viumbe wamekwisha kuwatambua na kuwapa majina nyuki zaidi ya aina 20,000 duniani. Katika Afrika kusini ya Jangwa la Sahara peke yake wamekwisha kuandikwa zaidi ya aina 2,500. Lakini nyuki wa asali mwenye asili yake katika bara letu ni aina moja tu. Yule wa mizinga ya pwani ya Tanga, yule wa nyika za chini na yule wa milimani wanatofautiana kwa ukubwa, rangi na tabia, lakini wote ni aina moja. Bwana F. G. Smith, aliyekuwa mtaalamu wa ufugaji nyuki hapa Tanganyika, ndiye aliyewaeleza wale wa pwani na wale wa milimani katika maandishi yake ya mwaka 1961.

Wapo pia nyuki wadogo wasiouma, ambao nao hukaa kwa makundi na hutengeneza asali kidogo. Ukiwaondoa hao na wenzao wachache, sehemu kubwa ya nyuki waliobaki hawana mzinga, hawana malkia, hawana vibarua wala ghala la asali. Kila jike hujijengea nyumba yake na hulea watoto wake peke yake. Hao ndio tunaowaita nyuki wapweke.

Sasa, kama si asali, nyuki hutambulikana kwa nini? Kwa mambo mawili makubwa. La kwanza ni chakula cha watoto. Nyuki huwalisha watoto wake chavua, yaani ule unga wa maua, pamoja na maji matamu ya maua. Nyigu huwalisha wake nyama. Yule mdudu mwembamba anayejenga vibanda vya tope kwenye kuta zetu, ukikivunja kibanda chake utakuta ndani buibui waliodumaa kwa sumu. Huyo ni nyigu. La pili ni vinyweleo. Baadhi ya vinyweleo vya nyuki, vikitazamwa kwa hadubini, vina matawi madogo kama unyoya wa ndege, na chavua hunasa humo. Vinyweleo vya nyigu havina matawi.

Kwa vipimo hivyo viwili, mdudu wa boriti zetu ni nyuki. Chakula cha watoto wake tulikuja kukiona wenyewe, kama tutakavyoeleza mwishoni.

MAJINA NA KOO

Qur'an inatufundisha kwamba Allah (s.w.) alimfundisha baba yetu Adam (a.s.) majina ya vitu vyote (2:31). Kujua majina ni mlango wa elimu. Wanazuoni wa Kiislamu waliushughulikia mlango huu mapema. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, aliandika Kitab al-Hayawan, na ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1405), aliandika Hayat al-Hayawan akiwapanga wanyama kwa utaratibu wa herufi.

Utaratibu unaotumika leo duniani kote katika majina ya wanyama huanzia kwenye kitabu cha Linnaeus wa Sweden kilichotoka mwaka 1758. Kila kiumbe hupewa majina mawili. La kwanza ni la jenasi, la pili linamtofautisha yeye na ndugu zake. Ni kama sisi hapa Upare: mtoto akitajwa jina, mzee huuliza, "Wa ukoo gani?" Nyuki wa asali anaitwa Apis mellifera, yaani nyuki mbeba asali. Nyuki wa boriti ni wa jenasi Xylocopa, neno la Kigiriki lenye maana ya mkata mbao. Sisi tutamwita nyuki seremala. Kwa maelezo ya vitabu, wale wa barazani kwetu wanafanana na Xylocopa caffra, ambaye Linnaeus mwenyewe alimpa jina mwaka 1767.

Jenasi zinazofanana hukusanywa katika familia. Familia za nyuki duniani ni saba. Moja inapatikana Australia tu. Sita zilizobaki zimo Afrika, nazo ni hizi:

1. Apidae. Humu wamo nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, nyuki seremala, na nyuki wa jenasi Amegilla wenye mistari tumboni ambao hurukaruka kwa kasi kutoka ua hadi ua.

2. Megachilidae. Hawa hawabebi chavua miguuni kama nyuki wa asali, bali katika vinyweleo vya chini ya tumbo. Ukimwona nyuki mwenye tumbo la njano kwa chini baada ya kutoka kwenye ua, huenda ni wa familia hii. Maarufu kati yao ni mkata majani. Mkiona jani la waridi au la mbaazi limekatwa vipande vya duara vizuri kabisa, msilaumu panzi.

3. Halictidae. Wengi ni wadogo na baadhi yao hung'aa kama chuma kilichosuguliwa. Wengi huchimba ardhini. Baadhi yao hutua mikononi mwetu tukiwa shambani na kulamba jasho kwa ajili ya chumvi.

4. Colletidae. Hawa hukipaka chumba cha mtoto utando mwororo unaofanana na nailoni, unaozuia maji. Utando huo hutoka mwilini mwao, nao huupaka kwa ulimi.

5. Andrenidae. Hukaa ardhini. Ni wengi sana Ulaya na Marekani, lakini katika nchi zetu ni wachache.

6. Melittidae. Familia ndogo, na Afrika ni miongoni mwa makao yake makubwa. Baadhi yao hukusanya mafuta ya maua pamoja na chavua.

Wataalamu huwatofautisha kwa kutazama mishipa ya mbawa, vinyweleo vya miguu na urefu wa ulimi. Familia mbili za mwanzo zina ulimi mrefu, nne zinazofuata zina ulimi mfupi. Rangi peke yake haitoshi, tena hudanganya. Jike wa Xylocopa caffra ni mweusi mwenye mikanda ya njano au myeupe, na dume lake ni la njano lenye ukijani mwili mzima. Mtu asiyejua atasema ni wadudu wawili mbalimbali. Dume hilo humjia mtu usoni likivuma kwa kishindo, lakini halina mwiba kabisa. Katika nyuki wote, mwenye mwiba ni jike.

NYUMBA ZAO

Katika Suratun-Nahl (16:68-69) Allah (s.w.) anatueleza kwamba alimfunulia nyuki ajifanyie nyumba katika milima, katika miti na katika wanavyojenga watu. Aya hizo zinaendelea kueleza kinywaji kinachotoka matumboni mwao, ambacho ndani yake mna ponya kwa watu. Kwa hiyo hatusemi kwamba aya zimeshuka kuwaeleza nyuki wapweke. Lakini mafungu yale matatu ya nyumba yanatusaidia kuwapanga hawa nao, kwa sababu tukitembea hapa Shighatini tunawakuta katika yote matatu.

Fungu la kwanza ni milima, yaani ardhi na mawe. Zaidi ya nusu ya nyuki wapweke huchimba ardhini. Tazameni kingo za njia zilizo wazi, zinazopigwa na jua la asubuhi. Vishimo vidogo vyenye kifusi cha udongo laini pembeni, mara nyingi ni milango ya nyumba zao.

Fungu la pili ni miti. Nyuki seremala hutoboa magogo na matawi makavu. Ndugu zake wadogo wa jenasi Ceratina hutoboa kiini laini cha vijiti vilivyovunjika. Mkata majani huingia katika tundu lililokwisha kuwapo na kulifunika ndani kwa vipande vya majani.

Fungu la tatu ni majengo: boriti, kenchi, nyufa za kuta za udongo, hata tundu la kitasa. Hapa ndipo wanapokutana na sisi, na hapa ndipo ugomvi unapoanza.

Jambo jingine la kuzingatiwa: katika aya hizo, amri ya kujenga imetolewa kwa tamko la kike katika lugha ya Kiarabu. Na kwa nyuki wapweke, ajengaye, achimbaye na akusanyaye ni jike.

MAISHA YA NYUKI MPWEKE

Jike akishapandwa na dume hutafuta mahali pa kujenga. Hufanya chumba, hukusanya chavua, huichanganya na maji matamu ya maua hadi ikawa bonge, hutaga yai moja juu yake, kisha hufunga mlango. Halafu huanza chumba cha pili. Nyuki seremala hutenganisha vyumba kwa ukuta wa vumbi la mbao alizozitoboa. Mbao zenyewe hazili, kinyume na mchwa.

Jike ana uwezo wa kuamua mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Yai lililorutubishwa hutoa jike, lisilorutubishwa hutoa dume. Kwa wengi wanaojenga katika mabomba ya vijiti, mayai ya kike huwekwa vyumba vya ndani na ya kiume karibu na mlango, kwa sababu madume ndiyo hutangulia kutoka.

Yai hugeuka buu, buu hula bonge lake, hugeuka pupa, kisha hutoka akiwa nyuki kamili. Kwa aina nyingi, mama huwa amekwisha kufa. Hakuna aliyemfundisha mtoto huyo kazi, lakini hutoka na kujenga kama mama yake alivyojenga. Nyuki seremala wanatofautiana kidogo na wengine, kwani wakati mwingine mama na binti hukaa tundu moja kwa muda.

Kwa kuwa hawana mzinga wa kuulinda, nyuki wapweke huuma kwa nadra, aghalabu wakishikwa au kubanwa. Tazameni wakati wa Magharibi kwenye vijiti vya majani makavu. Mnaweza kukuta madume ya Amegilla yamejipanga, kila moja limeuma kijiti kwa taya zake na kulala hapo hapo hadi asubuhi.

Na msidhani wote ni wachapa kazi. Wapo nyuki wa jenasi Thyreus, weusi wenye madoa ya buluu au meupe, ambao hawajengi wala hawakusanyi. Huvizia nyumba ya Amegilla, wakaingia na kutaga yai lao humo, mtoto wao akala chakula cha mwenye nyumba.

WANATUFAIDIA NINI?

Mtu atasema: wasipotoa asali, wana kazi gani? Jibu liko mashambani mwetu.

Ua la nyanya, la mbilingani na la nyanya chungu huifungia chavua yake ndani ya vifuko vyenye tundu dogo kwenye ncha. Ili itoke, ua lazima litikiswe. Nyuki seremala, Amegilla na baadhi ya Halictidae hulishika ua, hutetemesha misuli ya mbawa kwa nguvu, na chavua humwagika kama chumvi. Nyuki wa asali hana uwezo huo. Utafiti wa mbilingani uliofanyika Nguruman, kusini mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba wachavushaji wakuu walikuwa wawili: Xylocopa caffra, ndiye wa boriti zetu, na Macronomia rufipes wa familia ya Halictidae. Wote ni nyuki wa porini, na walitegemea pori lililo jirani na mashamba.

Pesheni ya njano, inayolimwa sehemu za joto, haiwezi kujichavusha. Chavua sharti itoke mche mwingine. Ua lake ni kubwa mno kwa nyuki mdogo, lakini mgongo wa nyuki seremala unaligusa barabara. Asipokuwapo, kuna mahali duniani wakulima hulazimika kuchavusha kwa mkono, ua moja moja.

Kwa majirani zetu wa Kilimanjaro, majaribio ya mibuni yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba maua yaliyofikiwa na wachavushaji yalitoa buni nzito zaidi kwa takriban asilimia 7 kuliko yaliyozuiliwa. Hapo nyuki wa asali ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, nasi tumpe haki yake. Utafiti mwingine wa mlima huo huo, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba kadiri unavyopanda juu aina za nyuki hupungua, na sababu kubwa ni baridi. Nasi tunaokaa milimani, huenda hatuna aina nyingi kama ndugu zetu wa tambarare za Mwanga. Kwa hiyo wachache tulio nao tuwatunze.

Yanayowapunguza tunayajua, maana tunayafanya wenyewe: kunyunyizia dawa mchana wakati mimea imechanua, kuchoma moto mabua na majani makavu, kukusanya kila gogo kavu kwa kuni, na kusafisha kingo za mashamba hadi lisibaki ua hata moja. Anayelazimika kupiga dawa na apige jioni, nyuki wakisharudi, na aepuke siku za maua.

JIBU LA SWALI

Tunarudi kwa kijana wetu. Kwa elimu ya viumbe, nyuki seremala ni nyuki pasi na shaka, wa familia moja na nyuki wa asali. Kwa upande wa dini, sisi si watoa fatwa. Lakini katazo limekuja kwa jina la nyuki, wala halikushurutisha asali. Na Allah (s.w.) anatueleza kwamba viumbe watambaao ardhini na ndege warukao ni umma kama sisi (6:38). Inajulikana pia katika fiqhi kwamba madhara huondolewa, lakini hayaondolewi kwa madhara mengine mfano wake. Boriti ni mali ya wakfu na ni wajibu wetu kuilinda. Palipo na njia nyepesi ya kuilinda, tusikimbilie kuua.

Njia hiyo ipo. Nyuki seremala hapendi mbao iliyopakwa rangi. Tulingoja hadi walio ndani walipotoka, tukaziba matundu matupu kwa vipande vya mbao, tukapaka boriti rangi, na tukatundika magogo makavu kwenye uzio nyuma ya migomba ili wapate pa kuhamia. Boriti moja ilikuwa imetobolewa mno, tukaibadilisha kwa michango ya wazazi. Baadhi ya wazee walisema tumetumia fedha kwa ajili ya wadudu. Tunawaheshimu kwa maoni yao, na tunakiri kwamba mafuta ya taa yangekuwa rahisi zaidi.

Boriti ile iliyobadilishwa ndiyo yenye yale matundu mawili tuliyoyatangulia kabla ya swali. Fundi aliipasua mbele yenu. Ndani ya tundu moja mliona vyumba vitano vimepangwa mstari mmoja, vimetenganishwa kwa kuta nyembamba za vumbi la mbao. Katika kila chumba palikuwa na bonge la chavua la rangi ya njano, na juu yake buu aliyekufa. Harufu ya mafuta ya taa ilikuwa bado imo. Hakuna kati yenu aliyesema neno.

Tulifanya vile kwa kutojua, na tunamwomba Allah (s.w.) atusamehe. Kutojua kwetu kungeendelea hadi tundu la mwisho lau kijana mmoja asingeuliza. Basi ulizeni, wala msimwonee haya mwalimu. Na mkimwona kiumbe msiyemjua, ulizeni jina lake kwanza kabla ya kunyanyua mkono.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja tofauti mbili kati ya nyuki na nyigu.
2. Taja familia sita za nyuki zilizopo Afrika. Nyuki seremala ni wa familia gani?
3. Kwa nini nyuki wa asali hawezi kulifanyia ua la nyanya kazi ambayo nyuki seremala anaifanya?
4. Tembea kuzunguka nyumba yenu asubuhi penye jua. Hesabu aina za nyuki utakazoziona, uandike umeona nyumba zao ardhini, mtini au kwenye jengo. Leta daftari lako madrasa.

Allah (s.w.) atuzidishie elimu yenye manufaa na atujaalie kuitendea kazi. Amin.

Wabillahit-tawfiq.